Shajara ya Riwaya: Mahasimu Wawili Katika Njia ya Ugogo

Januari, Dodoma

Kuanzia mwezi huu naweka kumbukumbu za maendeleo ya riwaya yangu mpya, kwa ajili ya wasomaji wachache wanaoipitia sura kwa sura na ambao wamekuwa wakiuliza imefika wapi. Riwaya inahusu wauaji wawili wa kukodiwa, Shija wa Unyamwezi na Ndahani wa Ugogo, ambao matajiri wawili tofauti wamewatuma kumuua mtu mmoja: mfanyabiashara wa pembe za ndovu anayesafiri kutoka Tabora kwenda Bagamoyo mwaka 1884. Ujira ni wa mmoja tu, yule atakayeifikisha pete ya marehemu pwani. Shija anaingia katika msafara kama mpagazi, Ndahani anaingia kama mkalimani wa kuzungumza na watemi wa Ugogo kuhusu hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yao. Wanatambuana siku ya kwanza, na hakuna anayeweza kumfichua mwenzake bila kujifichua mwenyewe. Kabla msafara haujafika Mpwapwa watakuwa wamependana.

Mwaka huo una sababu zake. Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi aliyewatoa jasho Waarabu wa Tabora kwa miaka mingi, alifariki Desemba 1884, na katika majuma hayohayo ya mwisho wa mwaka Carl Peters alikuwa Usagara akikusanya mikataba iliyowafungulia Wajerumani mlango. Nilitaka msafara unaopita katika njia ambayo bado iko mikononi mwa wenye visima, kabla haijaingia mikononi mwa wenye boma. Reli haikufika Dodoma hadi 1910, kwa hiyo mji wa Dodoma haumo katika kurasa zangu, jambo ambalo jirani yangu mmoja amelichukulia kuwa ni dharau kwa makao makuu ya nchi.

Ndahani nimemfanya mkalimani kwa sababu kazi ya kubeba mizigo katika njia hii ilikuwa zaidi ya Wanyamwezi, ilhali Wagogo, waliokuwa wafugaji na wakulima wa mtama na uwele, walinufaika na misafara kwa kuiuzia chakula na maji na kwa kuitoza hongo. Muuaji anayejua kila kisima na kila mtemi ana silaha ambayo mpagazi hana, na hilo linasawazisha mizani, maana Shija ndiye mwenye mwili.

Februari

Kazi ya mwezi huu imekuwa uhasama wenyewe. Visa vingi vya maadui wanaogeuka wapenzi huegemea jambo dogo: barua iliyopotea, uvumi, maneno yaliyosikika nusu. Jambo hilo likishaelezwa chuki inayeyuka, na msomaji anabaki akijiuliza kama iliwahi kuwapo. Sitaki chuki ya namna hiyo. Nataka chuki yenye haki yake, ambayo mapenzi yakija yatalazimika kuishi nayo nyumba moja.

Kwa hiyo, miaka sita kabla ya hadithi kuanza, Shija, akiwa bado ruga-ruga, yaani mpiganaji, wa Mirambo, alimkata Ndahani vidole viwili vya mkono wa kulia, vilevile anavyovutia upote wa upinde. Hakufanya hivyo kwa hasira. Ndahani alikuwa mpiga mishale bora kuliko wote waliokuwa wakifanya kazi ile kati ya Tabora na Mpwapwa, na mpiga mishale asiye na vidole hivyo hana soko. Ilikuwa hesabu ya biashara. Ndahani naye alilipiza kwa kupeleka kwa mabwana wa Shija siri moja ya kweli kabisa, iliyomfanya Shija atoroke usiku akiacha ng'ombe, nyumba na jina alilolijenga tangu ujana. Katika mambo haya mawili hakuna aliyesingiziwa, na hakuna maelezo yatakayokuja sura ya kumi kumsafisha mtu. Vidole havitaota.

Baada ya kupoteza upinde, Ndahani amebaki na sumu. Nimechagua ya msunguti, ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki wameitumia kwenye mishale tangu zamani na ambayo ikishaingia katika damu huusimamisha moyo. Kigumba kilichopakwa sumu hufungwa ukanda wa ngozi ili sumu isikauke na ili anayekichukua asijichome mwenyewe. Anatembea na vigumba hivyo bila upinde, na hukitumia kimoja kwa mkono, kwa ukaribu, gizani. Kuufunga ukanda kunahitaji mikono miwili iliyo kamili. Katika sura ya pili anaufunga kwa meno, na Shija, akiwa amejifanya amelala, anamtazama.

Machi

Mwalimu mstaafu anayeishi Kongwa, ambaye ndiye msomaji wangu mkali kuliko wote, amezirudisha sura tatu za kwanza akiwa ameandika juu ya ukurasa: "Mwanangu, hawa wanachukiana vizuri sana, lakini hawana lugha. Watu wanaochukiana hivi hawasemeshani. Sasa watapendana kwa ishara?"

Jibu lilikuwa karibu kuliko nilivyodhani, nalo ni utani. Wanyamwezi na Wagogo ni watani, na utani wa makabila mengi ya njia hii huhusishwa na safari hizohizo za misafara, watu walipolazimika kupita katika nchi za wenzao na kulala kwao bila kuuana. Utani unaruhusu tusi ambalo kutoka kwa mtu mwingine lingeleta ngumi. Unaruhusu kuchukua kitu cha mtani bila kuitwa mwizi. Una madai yake pia, maana mtani ana kazi msibani: anawachekesha wafiwa, anawatania hata mbele ya maiti, na anasaidia katika shughuli za kumzika mwenzake. Kwa wauaji wawili wanaojificha katika msafara mmoja, sijui ni desturi gani nyingine ingewafaa zaidi. Wanaweza kutishiana mauti mchana kweupe, mbele ya wapagazi wote, na wapagazi wakacheka hadi mizigo iwaanguke.

Hii ndiyo sehemu iliyobadilika baada ya maoni ya Mwalimu:

"Mtani," alisema Shija, akiutua mzigo, "hebu tuhesabie marobota yaliyobaki. Lakini usitumie vidole, utaishia nane tukose nguo za hongo."

Wapagazi waliangua kicheko. Ndahani aliusubiri ukome.

"Vinane vinatosha kukuchimbia kaburi, mtani. Ukifa wewe, nitakuzika mimi. Sitamwachia mwingine."

Sentensi hiyo ya mwisho itarudi. Hapa ni tishio, na wote wawili wanajua hivyo hata kama waliowazunguka wanaona mzaha. Ugogo itakuwa mzaha kweli. Karibu na Chunyo itakuwa ahadi. Maneno hayatabadilika hata silabi moja, na kazi yangu yote ni kumfikisha msomaji mahali ambapo atayasikia kwa namna nyingine bila mimi kumwambia.

Aprili

Mvua za mwisho. Sura za Tura na za mwanzo wa pori la Mgunda Mkali zimekamilika bila jambo kubwa la kusimulia hapa, isipokuwa kwamba nimepunguza idadi ya simba.

Juni

Sura ya sita imechukua muda mrefu kuliko nyingine zote, na bado ndiyo ninayoipenda zaidi. Baada ya wawili hawa kupigana kwa sababu ya mahali pa kulala, mnyapara wa msafara anachoka na kuamuru wachanjiane damu, wawe ndugu. Yeye anadhani anakomesha utani uliovuka mpaka. Kumbe, bila kujua, amewafunga wauaji wawili kwa kiapo kinachomkataza kila mmoja kumuua mwenzake, wakati ambapo kila mmoja ameshapanga kumuondoa mwenzake kwanza ndipo amgeukie mfanyabiashara.

Undugu wa kuchanjiana una kumbukumbu za kutosha katika njia hii. Mwaka 1876 Mirambo mwenyewe alichanjiana na Henry Morton Stanley. Manwa Sera, mkuu wa wapagazi wa Stanley, ndiye aliyewachanja mguu wa kulia kila mmoja, akaichanganya damu yao, kisha akatamka laana kwa atakayeuvunja undugu huo: aliwe na simba, aumwe na nyoka, chakula chake kiwe kichungu, rafiki zake wamkimbie, bunduki impasukie mkononi. Nimemweka Shija pale kama kijana wa ruga-ruga aliyesimama nyuma ya mkuu wake na kuyasikia maneno yote. Kwa hiyo mnyapara anapotamka laana katikati ya Mgunda Mkali, Shija ndiye pekee kambini anayeijua tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiye anayeiamini. Ndahani anakichukulia kiapo kama adhabu ya kupita.

Kisha kinatokea kitu ambacho sikukipanga wakati wa kuchora muhtasari. Mnyapara anaomba kisu, na kisu kilicho karibu ni cha Shija. Ndahani anakitambua. Anakataa kutoa mguu, ananyoosha mkono wa kulia, wenye vidole vitatu, na kusema achanjwe hapo penye kovu. Shija anatazama chini. Niliwaza kuiondoa sehemu hii kwa kuwa kisu kilekile kinanukia tamthilia kidogo, lakini nimeiacha, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza katika riwaya yote ambapo Shija anakwepa macho ya mtu.

Baada ya sura hii nimeelewa kwa nini wazo la wauaji lilinivuta tangu awali kuliko, tuseme, la wanajeshi au wafanyabiashara. Anayetaka kumuua mtu hujifunza mtu huyo hulalia ubavu upi, hunywa maji saa ngapi, mguu wake upi huchelewa akipanda mlima, na hucheka vipi anapodanganya. Wake wengi na waume wengi hawajuani hivyo hata baada ya wajukuu. Shija anayajua haya yote kuhusu Ndahani kabla ya kumpenda. Kiapo kinapomzuia kuua, ujuzi huo hauondoki. Unabaki mikononi mwake ukiwa hauna kazi ya kufanyiwa, na kuanzia hapo anaanza kuutumia katika mambo mengine. Anamwachia maji saa ile anayojua atayataka. Anatembea upande wa ule mguu unaochelewa. Hakuna siku anayoamua kupenda, na sitaandika siku hiyo.

Julai

Sura za Ugogo, yaani kuteremka Kilimatinde, kupita Bahi na kuendelea mashariki, zimekwenda haraka. Msomaji wa siku hizi hahitaji kusimuliwa kila mazungumzo ya hongo, ingawa kwa msafara hasa yalikuwa mateso: kungoja siku nzima, pengine siku kadhaa, mtemi aseme anataka marobota mangapi ya merikani na kaniki, shanga za rangi gani, waya wa shaba kiasi gani, huku wapagazi, ambao kila mmoja alibeba mzigo wa takribani frasila mbili, yaani kama kilo 32, wakila posho bila kusogea hata hatua. Aliyekataa kulipa alinyimwa visima, na hapo hakuna mjadala.

Faida ya kungoja kwa riwaya ya mahaba ni kwamba watu hukaa. Ndahani, akiwa mkalimani, anarudi jioni kutoka kwa mtemi akiwa amechoka kuwasemea watu wawili wanaodanganyana, na Shija amekaa penye kivuli cha mbuyu akiwa na vigumba vya Ndahani mbele yake, anafunga ule ukanda wa ngozi. Amevichukua bila ruhusa, kwa haki ya utani. Vidole vyake vinafanya kazi ya vidole alivyovikata. Haombi msamaha, na Ndahani hampi. Anakaa chini na kumwelekeza jinsi ya kukaza fundo la mwisho, kwa kuwa limelegea. Nimeiandika sehemu hiyo kwa sentensi fupi kuliko zote zilizo katika kitabu, na hakuna hata moja inayotaja moyo.

Agosti

Wasomaji wawili wameuliza, kwa adabu, mapenzi yenyewe nitayaandikaje. Najua ninaandika katika nchi gani. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono kati ya wanaume, kipo, na sitarajii mchapishaji wa hapa aupokee mswada huu. Unasomwa na wanaouomba. Hata hivyo, uamuzi wangu kuhusu faragha ya wawili hawa haukutokana na sheria, umetokana na watu wenyewe. Hawa ni wanaume ambao kwa miaka mingi hawajawahi kulala usingizi mbele ya mtu yeyote. Kwao, kuvua nguo ni jambo dogo, wapagazi huoga mtoni pamoja kila wanapopata mto. Jambo lisilorudishika ni kufumba macho.

Kwa hiyo sura ya tisa ni usiku mmoja ambao Shija analala:

Ndahani aliihesabu pumzi ya Shija kama alivyozoea kuihesabu, akaingoja ile ya uongo, ile inayokatika mapema kwa sababu mwenyewe anasikiliza. Haikuja. Alisogea hatua moja, kwa sauti ambayo ingemwamsha mbwa. Haikuja. Mtu huyu alikuwa amelala kweli, na shingo yake ilikuwa wazi, na kulikuwa na kigumba kimoja ndani ya ukanda ambao mtu huyohuyo alikuwa ameufunga vizuri kuliko mtu yeyote. Ndahani alikaa. Alipata hasira kubwa kuliko siku ya vidole, kwa sababu siku ile alinyang'anywa, na usiku huu alipewa.

Mwalimu ameandika pembeni neno moja, "Ndiyo," na kwa desturi yake hiyo ni hotuba.

Jambo jingine lililoamuliwa mwezi huu ni jinsi kambi inavyowaona. Sitaweka midomoni mwa watu wa 1884 majina ambayo mijadala ya leo imeyazoea. Kambi inaona ndugu wa kuchanjiana: wanakula chungu kimoja, wanalala karibu, mmoja akiugua mwingine anabeba mizigo miwili. Hakuna anayeshangaa, maana ndivyo kiapo kinavyotaka. Mnyapara anajisifu kwamba dawa yake imefanya kazi.

Septemba

Nimetoka Mpwapwa. Kutoka Dodoma nilipita Mbande na Kongwa, na kutoka Mpwapwa nikaenda hadi Chunyo, ambako misafara iliyotoka Ugogo ilipata maji baada ya kuivuka Marenga Mkali, nchi kavu ya takribani kilomita 50 iliyokuwa haina kisima cha kutegemea wakati wa kiangazi. Nilitaka kuiona ardhi ikiwa imekauka, na imekauka: miiba, vumbi la rangi ya matofali, na milima ya Usagara mbele ikionekana karibu kwa udanganyifu. Mzee mmoja niliyemkuta akichimba mchanga katika korongo ili kupata maji ya ng'ombe alinionyesha jinsi anavyojua pa kuchimba, na niliposema, "Shikamoo, babu, hapa maji yapo kina gani?" alicheka na kusema ng'ombe ndio wanaojua, yeye huwafuata tu. Maelezo yake yameingia katika sura ya kumi karibu yalivyo, yakisemwa na Ndahani.

Misafara iliivuka nchi hiyo kwa mwendo wa terekeza. Chakula kilipikwa asubuhi, vibuyu vikajazwa, watu wakaondoka mchana, wakatembea hadi usiku, wakalala pasipo maji, wakaamka kabla ya mapambazuko na kuendelea. Kwa mwandishi hii ni zawadi ya ramani, kwani usiku wa kati hauna kisima, hauna kijiji wala mtemi, na hakuna pa kukimbilia.

Kabla ya kuwafikisha hapo ilinibidi niamue kuhusu yule mfanyabiashara. Nimemuua kwa ndui, karibu na Mvumi. Ndui ilifuatana na misafara, hivyo hakuna ajabu katika kifo hicho, lakini msomaji wangu kijana, mwanafunzi wa chuo hapa mjini, amelalamika: "Kaka, umetunyima mauaji. Tumengoja sura tisa." Namwelewa. Aliyekuja kwa ajili ya damu ataona amedhulumiwa. Lakini mtu huyo akiuawa na mmoja wao, riwaya inageuka kuwa swali la nani ameshinda, na kila wanachotendeana baadaye kitapimwa kwa ushindi huo. Akifa kitandani, sababu ya wawili hawa kuwa karibu inakwisha ghafla. Hawana tena kazi, hawana tena mlengwa wa kumlinda ili mwenzake asimwahi. Mmoja anaweza kurudi Tabora na mwingine kwenda kwao, hatua chache tu. Hawaendi. Mapenzi yao nayaamini kuanzia hapo, si kabla.

Oktoba

Ipo bado pete. Marehemu aliivaa, Ndahani aliichukua wakati wa kuosha maiti, na Shija alimwona. Atakayeifikisha pwani atalipwa kana kwamba ameua, na atakayefika mikono mitupu atasakwa na tajiri wake kama msaliti. Nilikuwa na miisho kadhaa: mmoja ampe mwenzake pete na kujitoa mhanga, waigawe kwa kuikata, waizike. Ule wa kwanza ndio unaopendwa na wengi, na ndio nilioukataa mapema, kwa sababu kujitoa mhanga kwa mmoja kunamwacha mwingine na deni, na hawa wawili wameshadaiana vya kutosha.

Katika rasimu ya sasa wanafika kisima cha mwisho kabla ya Marenga Mkali wakiwa wameachwa nyuma na msafara, maana Shija amepata homa. Mwenye kisima anajua thamani ya maji yake, kama walivyojua wote waliochimba visima katika njia hiyo, na nguo hazipo tena. Ndahani anatoa pete. Anazungumza bei kwa Kigogo, kwa ukali na utani, muda mrefu kuliko inavyohitajika, na anapata vibuyu vinne na mtama kidogo. Shija anamuuliza amelipa nini. Anapojibiwa, anacheka hadi anakohoa, kwa kuwa anaelewa kwamba kuanzia saa hiyo watasakwa wote wawili. Usiku wa kati, pasipo maji ila yale ya vibuyu, ndipo sentensi ya kaburi inaposemwa kwa mara ya mwisho, na nimeamua aiseme Shija, ambaye hadi hapo hajawahi kuisema.

Mwalimu anaomba ukurasa mmoja wa Bagamoyo mwishoni, ili ajue kama walipona. Sitauandika, hawaendi Bagamoyo, na sura ya kumi na moja inaishia Chunyo, Shija akiwa anaweza kusimama. Kilichosalia ni kuoanisha majina ya visima kati ya sura ya nane na ya kumi, kuipunguza homa ya Shija ambayo katika rasimu inadumu kupita kiasi, na kuchora ramani ya njia kutoka Kilimatinde hadi Mpwapwa, kisha mswada mzima utakwenda kwa wasomaji wote kwa pamoja.